Mashine Imeongea?

Homa Bay,
9 Februari 1998

Mjomba Werema,

Salamu zikufikie wewe, Auntie Phanice na wote wa nyumba yako hapo Migori. Sisi tunaendelea, isipokuwa mama. Mguu wake umevimba tena, na njia ya kwenda kwake Rodi Kopany mvua imeigeuza kuwa tope tupu, kwa hiyo namwona Jumapili peke yake. Ameniagiza nikwambie kwamba dada huandikiwa hata kama hakuna jipya. Mimi nimefikisha. Naandika Kiswahili kwa sababu Kikuria changu unakijua, kinaishia kwenye salamu, na Kijaluo chako kinaishia sokoni.

Sasa la maana. Ile kazi ya kupiga chapa kwenye mradi wa kupima maji ya ziwa nimeipata, na mkubwa wangu anaitwa Paul. Mtaalamu aliyekuwa hapa aliondoka Desemba akatuachia laptop, ile kompyuta ya kukunja kama kitabu. Bahati mbaya, katika safari yake ya mwisho ya kisiwa cha Mfangano ilianguka ndani ya mashua, na kioo chake kikawa cheusi. Ndani inanguruma vizuri tu. Tukaazima skrini kubwa ya chuo cha kupiga chapa, ile inayofanana na televisheni. Tukiichomeka, picha inakuja safi kwa dakika nne au tano, halafu maandishi yanaganda, skrini inakuwa buluu yote na laptop inazima. Tukiichomoa skrini, laptop inakaa imewaka kutwa nzima bila kisa. Ila hapo hatuoni kitu.

Fundi wa Kisumu anataka tumwachie wiki tatu, na Paul hataki itoke ofisini hata siku moja. Ndani mna majibu ya vipimo vya maji na samaki wa Mfangano, na hayapo mahali pengine popote. Mwisho wa Juni wakubwa wa serikali wanakuja kuyasikiliza. Tusipokuwa nayo, faili la uchunguzi litafungwa.

Kuna mama wa Mfangano anaitwa Phelesia. Desemba watoto wake wawili walikula samaki mchana, na jua halikutua wakiwa hai. Kila Jumanne anavuka maji, anakaa kwenye benchi letu la nje, ananiuliza, "Nyara, hiyo mashine imeongea?" Nyara kwa Kijaluo maana yake binti yangu. Namjibu bado. Anakaa hapo hapo mpaka wakati wa boti ya kurudi. Mjomba, siku hizi naiogopa Jumanne.

Wewe ulikuwa fundi wa redio kabla hujafungua duka la dawa za mifugo. Nisaidie.

Mpwa wako,
Damaris

*

Migori,
21 Februari 1998

Mpwa wangu Damaris,

Kumbe mpaka mashine igome ndipo mtu akumbuke kwamba ana mjomba. Haya, nimekusamehe kwa sababu ya mguu wa dada yangu. Mwambie akande kwa maji ya moto na aache kwenda shambani kama msichana. Phanice anawasalimu. Kutoka nyumbani Kegonga wanasema mahindi yameoza shambani kwa mvua hii, lakini watu ni wazima. Mimi kwa duka nashukuru. Dawa ya kupe na dawa ya pamba, ile ya kuua wadudu shambani, zinatoka kama mkate. Napata wateja hata kutoka ziwani, watu wa kubeba katoni nzima bila kubishana bei. Huko visiwani sijui kuna ng'ombe wangapi, ila mimi si karani wa kuhesabu ng'ombe.

Nimefurahi umeniuliza mimi na si huyo wa Kisumu. Kwanza niambie. Ukigusa chuma cha nyuma ya skrini, vidole vinasisimka? Skrini na laptop mmezichomeka kwenye soketi moja au mbili? Kama ni mbili, na moja haina ethi ya kweli, yaani waya wa kushusha umeme ardhini, basi umeme uliopotea unatafuta njia ya kupita, na njia pekee ni huo waya mwembamba unaounganisha mashine mbili. Laptop ni kitu laini. Ikipigwa hivyo inazimia.

Fanya hivi. Zima vyote. Chomeka vyote viwili kwenye soketi moja. Skrini uiwashe mwisho, ukiwa umeshaunganisha na kukaza skrubu, si kabla. Kisha zunguka nyuma ya jengo, utafute ile nondo ya shaba iliyozamishwa ardhini, na umwage hapo ndoo ya maji ya chumvi. Usicheke. Ardhi ikishika chumvi inapokea umeme vizuri. Radi ikianza, zima kila kitu ukae mbali.

Tena nisikie vizuri. Waya wa ethi ni ule wa kijani na njano. Mtu asikudanganye kuukata. Mashine ikiwa haina ethi, ethi inakuwa ni wewe.

La mwisho, nunua daftari. Andika kila kitufe ulichobonyeza, umengoja muda gani, na kimetokea nini. Fundi bila daftari ni mganga. Wewe hutapata shida, maana hutazami vidole. Unaikumbuka ile taipureta niliyokuletea ukiwa darasa la nane, herufi zake zimefutika zote? Ulilia siku mbili kwamba mjomba amekuletea takataka. Leo inakulisha.

Nijibu upesi, nina hamu ya kujua.

Mjomba wako,
Werema

*

Homa Bay,
17 Machi 1998

Mjomba wangu fundi,

Mama amekanda mguu na sasa anatembea mpaka kwa jirani, lakini shambani anakwenda pia, kwa hiyo maneno yako yamefanya kazi nusu. Auntie Phanice naye umwambie asante kwa nyanya alizotutumia.

Vidole vinasisimka. Soketi zilikuwa mbili. Na nyuma ya jengo nondo ya shaba haipo. Waya wa kijani unaning'inia ukutani na chini ni shimo tu, mtu alishaing'oa akaenda kuiuza. Paul amepata nondo nyingine, tumeizamisha kwa nyundo, nikamwaga chumvi na maji huku watu wa ofisi ya jirani wakinitazama kama mchawi. Mjomba, mashine ilikaa dakika kumi na moja. Nimeandika kwenye daftari. Baadaye ikaganda kama kawaida, lakini dakika kumi na moja ni nyingi ukijua unachotafuta. Printa tunayo, ila utepe wake umekauka. Paul ameagiza mwingine, na haujafika.

Nimeyaona majibu. Kuna majina ya fuo, tarehe, na dawa iliyopatikana ndani ya maji na ndani ya matumbo ya samaki. Ni dawa ya pamba. Kuna watu wanaimwaga ziwani, samaki wanaelea, wanawazoa kwa ndoo na kuwauza. Yule mtaalamu aliokota chupa kwenye matete. Karatasi za nje zilikuwa zimekwanguliwa, lakini chini ya kila chupa kuna namba iliyopigwa kwenye plastiki yenyewe, na namba zote ameziingiza kwenye laptop. Chupa zenyewe amekwenda nazo. Paul anasema kiwanda kikipewa namba kinaweza kutaja duka lililouziwa. Kabla sijawahi kuzinakili ikazima, na tangu hapo haijazidi dakika tano.

Wewe unauza dawa hizi. Ni kweli maduka huandikwa hivyo? Chupa zako zina namba chini?

Leo ni Jumanne. Phelesia yuko nje. Nimemwambia mashine imeanza kupata sauti kwa sababu ya mjomba wangu wa Migori, na ameniomba nikuandikie kwamba anakushukuru. Amelitamka jina lako mara mbili ili asilisahau.

Mpwa wako,
Damaris

*

Migori,
4 Mei 1998

Damaris,

Natumaini hamjambo. Hapa hatujambo. Nimechelewa kwa sababu ya homa, halafu kazi.

Kuhusu mashine, nimefikiria upya. Ile ethi ndiyo inayokuletea umeme mbaya kutoka ardhini, hasa ardhi ikilowa. Nimekutengenezea waya mwingine wa umeme wa skrini kwa mkono wangu, Javan kondakta wa matatu atakuletea pamoja na barua hii. Tumia huo na si mwingine. Washa skrini kwanza, ikishapata moto ndipo ushike kichwa cha ule waya mwembamba uuchomeke kwenye laptop. Mvua ya mchana isikuzuie, mashine za siku hizi zina kinga. Mkifanya hivyo mambo yatakwisha.

Daftari halina haja tena. Litupe, litakuchanganya.

Niambie ni nani mwingine ameziona hizo namba. Na huyo mama usimpe matumaini mengi. Watoto hufa kwa mambo mengi.

Ikishindikana, ilete laptop huku kwangu uiache, nitaitazama mwenyewe.

Werema

*

Homa Bay,
20 Mei 1998

Mjomba,

Mama anakusalimu. Aliuliza kwa nini barua yako ya mwisho haikuwa na salamu zake, nikamwambia ulikuwa mgonjwa.

Waya ulifika. Niliutazama nikaona umekazwa vizuri, kazi ya mikono yako naijua. Ijumaa tarehe 15 nilimpeleka mama hospitali kuonyesha mguu. Nilimwachia Paul waya na barua yako juu ya meza, nikamwambia mjomba amesema tufanye hivi.

Mvua ilikuwa inanyesha na paa letu linavuja pale penye meza. Paul aliwasha skrini, akaingoja ipate moto, akashika kichwa cha waya ili akichomeke. Mlinzi anasema hakupiga kelele. Alisimama tu akitetemeka, mkono umegoma kuachia, mpaka skrini ilipotoa moshi na umeme ukakatika jengo zima. Yuko hai. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimekatwa, na maneno yanamtoka polepole. Nilimkuta mkewe pale wodini akimlisha uji, akanikaribisha nikae. Sikuweza kukaa.

Nimeifungua plagi ya waya wako. Waya wa kijani na njano umekatwa ndani, ukakunjwa vizuri na kufichwa chini ya skrubu ili mtu asiuone.

Februari uliniandikia kwamba usikatwe. Mei umeukata mwenyewe. Angekuwa ni mimi niliyeshika, Mjomba. Ulijua kwamba kwa kawaida ni mimi ninayeshika.

Nieleze.

Damaris

*

Migori,
2 Juni 1998

Damaris mwanangu,

Sijui niwasalimuje.

Barua yako ya Machi niliisoma mara moja, nikaingia stoo, nikachukua chupa nikaigeuza. Namba ipo. Nikageuza nyingine, na nyingine, nikamaliza katoni. Nilikaa juu ya katoni hizo mpaka Phanice akaja kuniuliza kama nitakula au nitalala hapo. Siku arobaini sikuweza kukuandikia.

Sikujua. Waliniambia ni ng'ombe wa kisiwani, kupe wamewazidi. Nitasema kweli, mtu hanunui dawa ya pamba kwa ajili ya kupe, na mimi nilijua hilo, na sikuuliza. Walikuwa wanakuja usiku wa kuamkia siku ya soko, wanalipa, wanapakia. Nilitaka kutouliza. Ndilo kosa langu, na nalisema kwako kabla ya kulisema kwa mtu mwingine.

Nilitaka mashine ife. Sikutaka mtu. Nilijiambia itapiga mshindo, mtashtuka, mtaitupa. Nilikunja ule waya kwa mikono hii na nikaona jina lako juu ya bahasha na nikaendelea kukunja.

Sasa nakuomba. Uniambie kwamba hiyo laptop imeungua pamoja na skrini. Neno moja tu. Nitafunga duka, nitamwaga stoo yote shimoni, nitamtunza huyo Paul. Auntie yako hajui kitu. Wadogo zako bado wako shule. Mama yako hana ndugu mwingine wa tumbo moja.

Nijibu kwamba imekufa.

Werema

*

Homa Bay,
22 Juni 1998

Mjomba Werema,

Barua hii haina salamu za mama. Nilimsomea yako ya Mei na yako ya Juni, moja baada ya nyingine, kwa sababu aliniona nimekonda akanishika mkono mpaka nikasema. Kisha akasema, "Mwambie asinitumie salamu mpaka kwanza apite kwa huyo mama."

Laptop haikufa. Ilikuwa juu ya kabati kando ya meza. Paul hakuwahi kuichomeka.

Utepe wa printa ulifika tarehe 8. Skrini hatuna tena, na chuo hakiwezi kutuazima nyingine. Nikakaa mbele ya laptop nyeusi nikaitazama, na kwenye kile kioo nikaona uso wangu tu. Hapo nikalikumbuka daftari. Sikulitupa, Mjomba. Nilikuwa nimeandika kila kitu kama ulivyonifundisha: nikiwasha ningoje nihesabu mpaka mia mbili, nibonyeze kipi, nishuke mara ngapi, nibonyeze tena. Skrini ya nini, kama najua kilipo kila kitu? Nilijifunza kwenye taipureta isiyokuwa na herufi.

Mara ya kwanza haikutokea kitu. Mara ya pili nilikosea hesabu. Mara ya tatu printa ikaanza kukwaruza. Ilikuwa Jumanne, mlango uko wazi. Phelesia aliingia ndani kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasimama nyuma yangu, karatasi inatoka mstari kwa mstari. Hajui kusoma. Aliuliza, "Imeongea?" Nikamwambia, "Imeongea, mama." Akaomba aishike ile karatasi ikiwa bado ina joto.

Karatasi zimekwenda kwa wakubwa tangu wiki iliyopita, na kiwanda kimeshajibu kwa simu kwamba namba ni za duka lako. Mwanzoni mwa Julai wakubwa watatuma watu kwako. Hilo siwezi kulizuia, na hata ningeweza nisingelizuia. Barua zako mbili ninazo mimi. Ya Mei Paul aliisoma, ila ya Juni hakuna anayeijua isipokuwa mama. Sijui nitazifanya nini, na inaniuma kwamba sijui. Nililia sana juu ya hiyo ya Juni. Wewe ndiye uliyenishika mkono siku baba alipozikwa. Nakupenda, na nikifikiria mikono yako naogopa, yote mawili kwa pamoja.

Njoo Jumanne tarehe 30, kabla hawajaja. Chukua chupa moja ya zile zilizobaki, ile namba iliyo chini yake Phelesia anataka kuipapasa kwa kidole. Usimpelekee maneno mengi. Nimemwambia kuna mtu atakuja kumweleza, sikumwambia ni nani, ila jina lako analijua kama la mtu aliyemsaidia. Utalisema mwenyewe.

Benchi linatosha watu wawili. Nitakuwekea nafasi kando yake.

Damaris

*

Migori,
3 Julai 1998

Mwanangu Damaris,

Salamu kwako na kwa wifi yangu Susana. Ni mimi Phanice. Siandikagi barua, kazi hiyo ni ya mjomba wako, kwa hiyo utanisamehe mwandiko.

Barua yako ilifika Ijumaa iliyopita. Aliisoma dukani amesimama, akaikunja akaitia mfukoni, na hakuniambia lolote. Jumatatu alifagia stoo yote na kunyoa ndevu. Jumanne asubuhi akavaa koti lake la kanisani, akachukua chupa moja ya dawa akaifunga kwa gazeti. Nikamuuliza unakwenda wapi na dawa bila mteja. Akasema anakwenda Homa Bay, amewekewa nafasi kwenye benchi. Nikadhani ni mzaha wake.

Javan anasema alimteremsha Rodi Kopany. Alimwambia atamalizia njia kwa miguu, lakini hakushika njia ya kwenda kwa mama yako. Alikuwa amekumbatia ile chupa kifuani.

Jana wamekuja watu wanne na gari, wakavunja kufuli ya stoo. Wananiuliza alipo na mimi nawauliza wao. Leo ni siku ya nne hajarudi.

Barua hii nampa Javan mkononi. Umpe jibu hapo hapo, hata liwe neno moja. Hilo benchi ni la wapi, mwanangu, na mjomba wako alifika?

Auntie yako,
Phanice